Kompyuta mpya: programu zipi za kuweka, zipi za kuacha

Swali: "Nimenunua kompyuta mpakato mpya yenye Windows 11, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256, ingawa yenyewe inaonyesha 238 na sijui nyingine zimekwenda wapi. Ndani nimekuta antivirusi ya majaribio ya siku 30 inayonitisha kila siku kwamba niko hatarini nisipolipa. Fundi mmoja anataka nimpelekee aniwekee 'programu zote muhimu'. Orodha yake inapita thelathini: antivirusi nyingine, ya kusafisha rejista, ya kuongeza kasi ya RAM, ya kusasisha draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta), kifurushi cha kodeki cha kufungulia video, na Office anayoifungua kwa aktiveta, yaani programu ya kuifanya ifanye kazi bila kulipiwa. Kazi zangu ni kuandika ripoti, majedwali ya hesabu, masomo ya video na miamala ya benki. Kompyuta yangu ya kwanza ilijazwa programu za namna hiyohiyo ikawa nzito mpaka nikaiacha. Safari hii sitaki kukosea. Niweke nini, na nianze na kipi?"

Jibu: Naona hofu mbili zinakuvuta huku na huku. Moja inakwambia ukipunguza programu utabaki bila ulinzi. Nyingine inakukumbusha kompyuta ya kwanza ilivyokufa kwa uzito. Nikutoe wasiwasi mapema: kwa kazi ulizozitaja unahitaji kuongeza programu nne au tano tu. Zile za kusafisha, za kuongeza kasi na za kusasisha draiva ziache kabisa, kwa sababu aina hiyo ndiyo huzamisha mashine nzuri.

Kwanza tumalize hizo GB zilizopotea, maana hakuna aliyeziiba. Kiwandani GB 1 ni baiti bilioni 1 kamili. Windows huihesabu GB 1 kuwa baiti 1,073,741,824, yaani 1024 mara 1024 mara 1024. Gawanya baiti bilioni 256 kwa hesabu hiyo ya pili utapata 238. Diski yako ni nzima.

Sasa twende kwenye uzito. Watu wengi hudhani programu isiyofunguliwa haili kitu, imelala tu kama kitabu kabatini. Sivyo. Unapobofya "Ndiyo" wakati wa kusakinisha, programu inapewa nafasi ya kufanya mengi zaidi ya kuweka ikoni yake. Inaweza kujiandikisha iamke kila kompyuta inapowaka, ikaacha huduma inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia, ikaweka ratiba ya kwenda mtandaoni kutafuta toleo jipya, na ikajipachika kwenye menyu inayotokea ukibofya faili kwa kitufe cha kulia. Zidisha hayo kwa programu thelathini. Katika RAM ya GB 8, yaani kumbukumbu ambamo programu hufanyia kazi, Windows yenyewe na kivinjari chenye vichupo kumi tayari vimeshachukua sehemu kubwa. Kinachobaki kikigombewa na hao wote, mfumo unaanza kuhamishia data kwenye diski, na hapo ndipo unapobofya kitu ukasubiri.

Tuanze na antivirusi, kwa kuwa ndiyo inayokukosesha usingizi. Windows 11 inakuja na ulinzi wake, Microsoft Defender. Haudai malipo, unasasishwa pamoja na Windows, na katika majaribio ya maabara huru kama AV-TEST umekuwa ukipata alama za juu kwa miaka kadhaa sasa. Tatizo ni kwamba antivirusi nyingine ikishajiandikisha, Defender hujizima yenyewe kuipisha. Kwa hiyo ile ya majaribio imekalia kiti cha mlinzi uliyekwisha kumlipa, kisha inakudai pesa. Ukiiacha mpaka siku 30 ziishe unaweza kujikuta na mlinzi asiyepata taarifa mpya. Iondoe leo: nenda Settings, kisha Apps, kisha Installed apps, bofya vitone vitatu mbele ya jina lake, chagua Uninstall, halafu washa kompyuta upya. Ikirudi, andika Windows Security kwenye menyu ya Start, uifungue, uhakikishe sehemu ya Virus & threat protection ina alama ya kijani. Antivirusi ikikataa kutoka, watengenezaji wengi wa antivirusi wana kifaa kidogo cha kuondolea mabaki yao, kinachopatikana kwenye tovuti yao.

Na hiyo "antivirusi nyingine" ya fundi? Antivirusi hukaa katikati ya njia: kila faili linapofunguliwa, inalisimamisha na kulikagua kabla halijafika kwako. Ukiweka mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, kila faili linasimamishwa mara mbili, na wakati mwingine moja huona orodha ya virusi ya mwenzake na kudhani ni virusi vyenyewe. Mashine inakwama na ulinzi hauongezeki. Antivirusi ya kulipia ina maana kwa mtu anayesimamia kompyuta nyingi za ofisi, au anayetaka udhibiti wa watoto kwenye simu na kompyuta kwa pamoja. Kwako Defender inatosha.

Kabla hujaongeza programu hata moja, sasisha mfumo. Kompyuta "mpya" huenda imekaa ndani ya boksi miezi mingi, na matundu ya usalama yaliyogunduliwa katika miezi hiyo bado yako wazi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 na kufunga mafaili ya hospitali na viwanda. Sasisho la kuziba tundu walilolitumia lilikuwa limetolewa Machi, miezi miwili kabla, ila wengi hawakuwa wameliweka. Fungua Settings, kisha Windows Update, bofya Check for updates, acha imalize, washa upya, kisha rudia. Mara nyingi huchukua raundi mbili au tatu mpaka iseme hakuna kilichobaki. Chomeka chaja muda wote, kwa kuwa baadhi ya masasisho hugusa BIOS, programu iliyo ndani ya ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), na umeme ukikatika katikati unaweza kuharibu kisichorekebishika nyumbani.

Hapohapo ndipo draiva zako zinapopatikana. Zile za ziada ziko ndani ya Advanced options, chini ya Optional updates, na nyingine ziko kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta ukiandika namba ya modeli iliyo chini ya mashine. Draiva hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo kosa dogo huangusha kila kitu. Programu ya "kusasisha draiva" hukisia kifaa ulicho nacho, na ikikosea unapata skrini ya buluu au Wi-Fi inayopotea. Kama sauti, picha, Wi-Fi na kipanya vinafanya kazi, usiziguse.

Hizo mbili nyingine, ya rejista na ya RAM, nazo ziache. Rejista ni daftari la mipangilio lenye maingizo mengi mno, na kufuta mia chache zilizobaki humo hakuongezi kasi yoyote unayoweza kuihisi, ila kufuta moja isiyopaswa kufutwa kunaweza kuvunja programu. Microsoft wenyewe wamesema hawaungi mkono matumizi ya visafishaji hivyo. Kuhusu RAM, Windows hutumia nafasi iliyo wazi kutunza data uliyoitumia karibuni ili uipate upesi ukiihitaji tena. "Kiongeza kasi" huifukuza data hiyo, namba ya RAM iliyo wazi inapanda na unafurahi, kisha ukirudi kwenye ripoti yako kila kitu kinasomwa upya kutoka kwenye diski. Umenunua namba nzuri kwa kupoteza kasi. Tena kila programu ya ziada ni mlango mmoja zaidi: mwaka 2017 toleo 5.33 la CCleaner, kisafishaji maarufu, lilichezewa na wahalifu kabla halijatoka kwa mtengenezaji, na zaidi ya watu milioni 2 wakalipakua kutoka mahali halali kabisa.

Sasa ninachokusihi kwa dhati: usikubali aktiveta. Jiulize inavyofanya kazi. Ili kuidanganya Office kwamba imelipiwa, inahitaji ruhusa ya msimamizi, na karibu kila mara maelekezo yake huanza na "zima antivirusi kwanza". Maana yake unamfungulia mtu usiyemjua mlango wa ndani kabisa, ukiwa umemfunga mlinzi kamba. Si kila aktiveta ina mwizi ndani, lakini wewe huna njia ya kujua ipi inaye, na aliyeitengeneza hakulipwa na mtu. Kinachoibwa siku hizi ni manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vya kuingilia. Kidakuzi ni kama tiketi inayosema "huyu ameshaingia, mpitishe". Mwizi akiinakili anaweza kuingia kwenye barua pepe yako bila nenosiri na bila ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Kwa mtu anayefanya miamala ya benki kwenye mashine hiyohiyo, hatari hiyo haina ulinganifu na bei ya leseni.

Na njia halali zipo. Ukiwa mwanafunzi au mwajiriwa, uliza kwanza: taasisi nyingi zina leseni za Microsoft 365 na unaingia kwa barua pepe ya taasisi tu. Bila hiyo, Word na Excel za kwenye kivinjari ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft. Zinafaa kwa ripoti za kawaida, ila zinahitaji intaneti na Excel ya huko haiwezi kuendesha makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya jedwali. Njia ya tatu, na ndiyo ningeanza nayo kwa kazi zako, ni LibreOffice. Ni programu huria, inasimamiwa na The Document Foundation tangu 2010, inafanya kazi bila mtandao, na inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel.

Nikuambie ukweli kuhusu kasoro zake, kwa maana utakutana nazo. Ya kwanza ni fonti. Tangu 2023 Microsoft ilianza kuifanya Aptos kuwa fonti ya kawaida ya Office, na fonti hiyo haiji na Windows yenyewe. Ukifungua kwenye LibreOffice ripoti iliyoandikwa kwa Aptos, nafasi yake inachukuliwa na fonti nyingine yenye herufi za upana tofauti, mistari inakatika pengine, na ripoti ya kurasa 10 inakuwa ya 11. Faili halijaharibika. Mkubaliane na unaoandikiana nao mtumie Calibri au Arial, na kazi ikikamilika itume kama PDF. Ya pili ni makro: majedwali yenye makro nzito za Excel huenda yasifanye kazi. Kama ofisi yako inategemea majedwali ya namna hiyo kila siku, nunua leseni, usijitese. Ya tatu ni umbo la faili. LibreOffice huhifadhi kwa .odt usipoiambia vingine, na mwenzako mwenye Word anaweza kushtuka. Nenda Tools, Options, Load/Save, General, kisha chagua umbo la Word kwa hati na la Excel kwa majedwali. Fanya mara moja, umemaliza.

Jihadhari pia na Office ya majaribio iliyokuja na mashine, kama ipo. Muda wake ukiisha utaweza kufungua hati zako na kuzichapisha kwenye karatasi, lakini hutaweza kuzihariri. Watu hugundua hilo usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Kivinjari unacho tayari, Edge, na hakina ubaya. Ukipendelea kingine weka kimoja, usiweke vitatu. Mimi ningechagua Firefox kwa sababu moja ya wazi: bado inakubali uBlock Origin kamili, kiendelezi cha kuzuia matangazo. Kwenye Chrome kiendelezi hicho kamili hakifanyi kazi tena, limebaki toleo jepesi liitwalo uBlock Origin Lite. Kuzuia matangazo si anasa. Mtu akitafuta jina la programu ili aipakue, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo, na wahalifu hulipia matangazo hayo waweke tovuti inayofanana na halisi kama shilingi kwa ya pili. Usizidishe viendelezi lakini. Kiendelezi kinachoomba ruhusa ya "kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote" kinaona hata ukurasa wa benki.

Kwa masomo ya video weka VLC, programu ya kuchezea video, achana na kifurushi cha kodeki. Faili la MP4 au MKV ni kapu tu. Ndani yake kuna picha iliyobanwa kwa mtindo fulani, labda H.264 au H.265, na sauti iliyobanwa kwa mtindo wake. Kodeki ni ujuzi wa kufungua mtindo huo. VLC imebeba ujuzi wake ndani na haigusi mfumo mwingine. Vifurushi vya kodeki hujitandaza ndani ya Windows nzima na kugombana na programu nyingine za video. Na tovuti yoyote itakayokwambia "pakua kodeki hii ndipo uione video", ifunge.

PDF hufunguliwa na kivinjari chako, hivyo huhitaji programu nyingine mpaka siku utakapotakiwa kusaini kwa cheti cha kidijitali. Mafaili yaliyofungashwa nayo Windows 11 hufungua ZIP, na tangu mwishoni mwa 2023 hata RAR na 7z. Ukihitaji kufungasha kwa nenosiri, hapo weka 7-Zip. Kumbuka tu kwamba haijisasishi yenyewe. Udogo wa programu za namna hii huwafanya watu wazisahau miaka mingi: mwaka 2023 wahalifu walikuwa wakitumia tundu lililokuwa ndani ya WinRAR, likazibwa katika toleo 6.23, lakini WinRAR nayo haijisasishi, na kila aliyebaki na toleo la zamani alibaki na tundu lake.

Hilo linanileta kwenye njia ya kusakinisha, ambayo naiona muhimu kuliko majina ya programu. Ndani ya Windows 11 kuna chombo kiitwacho winget. Bofya Start, andika Terminal, ifungue, kisha andika:

winget install -e --id VideoLAN.VLC

Mara ya kwanza itakuuliza kama unakubali masharti, andika Y ubonyeze Enter. Utaona mstari ukijaa, kisha maneno "Successfully verified installer hash". Mstari huo usiupite haraka. Winget imepakua faili kutoka anwani iliyosajiliwa, ikalipigia hesabu ya alama ya kipekee, ikailinganisha na alama iliyoandikwa kwenye orodha yake. Baiti moja ikibadilika, alama inabadilika yote na usakinishaji unasimama. Hakuna tangazo la kukupoteza, hakuna kitufe cha uongo cha "Download". Kwa zilizobaki badilisha jina tu: Mozilla.Firefox, TheDocumentFoundation.LibreOffice, 7zip.7zip, Bitwarden.Bitwarden. Kisha mara moja kila wiki mbili andika:

winget upgrade --all

Itasasisha kila inayoitambua, hata baadhi ya zile ambazo hukuziweka kwa winget.

Usipoipenda Terminal, pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji pekee: videolan.org, libreoffice.org, mozilla.org, 7-zip.org. Windows ikitia giza skrini na kuuliza kama unaruhusu mabadiliko, soma jina la mchapishaji kabla ya kubofya. Kwa VLC liandikwe VideoLAN, kwa LibreOffice The Document Foundation. 7-Zip kwa miaka mingi imetolewa bila saini ya kidijitali, hivyo yenyewe huonyesha mchapishaji asiyejulikana. Ndiyo sababu kwa hiyo hasa napendelea winget. Na ufanye mipangilio ya folda ionyeshe viambishi vya majina ya mafaili: fungua folda yoyote, bofya View, Show, File name extensions. Bila hivyo "risiti.pdf.exe" inaonekana kwako kama "risiti.pdf" safi.

Programu ya kutunza manenosiri ni ya mwisho katika orodha na wengi huiruka. Bitwarden ya bure hutunza manenosiri yako kwenye vifaa vyote. KeePassXC huyaweka ndani ya faili moja lililo kwako, hakuna seva, ila ukilipoteza faili hilo umepoteza yote. Hata kitunza manenosiri cha kivinjari ni bora kuliko nenosiri moja kila mahali. Faida yake kubwa haitajwi sana: kitunza manenosiri hakijazi nenosiri kwenye anwani isiyo sahihi. Ukurasa wa benki wa bandia unaweza kulidanganya jicho lako, lakini programu inalinganisha herufi za anwani na kukaa kimya. Ukiona haijajaza, simama uangalie anwani. Nenosiri kuu liandike kwenye karatasi, ulifungie mahali salama nyumbani.

Kuna mambo mawili ambayo si ya kununua wala kupakua, na ndiyo yatakayokuokoa siku mbaya.

La kwanza ni ufunguo wa kurejesha. Kompyuta nyingi za Windows 11 zikiandaliwa kwa akaunti ya Microsoft, diski hufungwa kwa usimbaji fiche bila hata wewe kuambiwa waziwazi. Ni jambo jema, mwizi akichomoa diski hasomi kitu. Kinachofungua diski kila asubuhi ni TPM, chipu ya usalama iliyo ndani ya kompyuta, na hufanya hivyo ikiwa tu mambo ya kuwashia kompyuta hayajabadilika. Ubao mama ukibadilishwa, au wakati mwingine baada ya sasisho la BIOS, chipu inakataa na skrini inaomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo umehifadhiwa ndani ya akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa kompyuta. Sasa fikiria fundi ameiandaa kwa akaunti yake. Ufunguo wa mafaili yako yote uko kwake, na asipopatikana hakuna mtu duniani wa kukufungulia. Kwa hiyo andaa kompyuta wewe mwenyewe, kwa akaunti yako. Kisha nenda aka.ms/myrecoverykey, uone ufunguo, uuchapishe au uunakili kwenye karatasi, uilaze pamoja na ile ya nenosiri kuu.

La pili ni nakala rudufu. Windows itakushawishi uhamishie Desktop, Documents na Pictures kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Ya bure ni GB 5, picha za likizo moja zinaijaza, na ikijaa inaacha kupokea. Halafu kusawazisha si kuhifadhi nakala: ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutika na kule mtandaoni, nawe una siku 30 tu za kulitoa kwenye pipa. Tafuta diski ya nje yenye ukubwa wa angalau mara mbili ya mafaili yako, ichomeke, andika File History kwenye menyu ya Start, iwashe uelekeze kwenye diski hiyo. Inachukua nakala ya mafaili yako kila saa wakati diski imechomekwa, na inatunza matoleo ya zamani, kwa hiyo ripoti uliyoiharibu jana unaipata ya juzi. Ikimaliza, chomoa diski. Virusi vinavyofunga mafaili hufunga kila diski wanayoikuta imeunganishwa, na iliyo kabatini hawaifikii. Kisha ijaribu: tengeneza faili lisilo na maana, liache lihifadhiwe, lifute, lirudishe. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha bado ni tumaini tu.

Mpangilio wa siku ya kwanza basi uwe huu: akaunti yako, masasisho mpaka yaishe, ondoa antivirusi ya majaribio na takataka nyingine zilizokuja nayo, andika ufunguo wa kurejesha, ndipo uweke kivinjari, LibreOffice, VLC na kitunza manenosiri, umalizie na nakala rudufu. Tenga alasiri moja. Sehemu kubwa ni kusubiri masasisho. Wiki mbili baadaye bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Startup apps, uzime kila kisichohitaji kuamka na kompyuta. Kuzima hapo hakufuti programu, itafunguka ukiiita. Vya ulinzi na vya sauti viache. Na kwenye diski usijaze mpaka ukingoni, bakiza kama asilimia 15, kwa sababu SSD huhitaji nafasi ya kupangia data na masasisho makubwa ya Windows huhitaji GB kadhaa za kufanyia kazi.

Fundi ana nafasi yake pia. Mpelekee kompyuta kama baada ya masasisho yote bado inapata skrini ya buluu, kama kifaa fulani hakitambuliwi, kama feni inavuma kwa nguvu wakati hufanyi chochote, au kama diski haionekani inapowaka. Betri ikivimba ukaona sehemu ya kipanya imeinuka, zima, chomoa chaja, usiibonyeze, ipeleke siku hiyohiyo. Kwa kuwa ni mpya, kagua masharti ya dhamana kabla hajafungua skrubu hata moja. Usimpe nenosiri lako, liandike wewe mwenyewe ukiwa pale, na mwambie waziwazi kwamba humruhusu kuweka programu yoyote.

Na kama aktiveta imeshapita kwenye mashine hiyo, au ilipita kwenye ile ya zamani uliyokuwa ukiitumia kwa benki, usitafute antivirusi ya kuisafisha. Kata intaneti kwenye kompyuta hiyo. Chukua simu au kompyuta nyingine iliyo safi, badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kisha la benki, na katika kila akaunti chagua kutoka kwenye vifaa vyote ili zile tiketi za kuingilia zife. Piga simu benki uwaeleze. Nakili hati na picha zako kwenye diski ya nje bila kunakili programu yoyote, kisha nenda Settings, System, Recovery, Reset this PC, uchague Remove everything, uanze upya kwa mpangilio niliokupa hapo juu.